Taya la Akko Darmi

Habiba alinipigia simu saa nne asubuhi nikiwa na glavu mikononi na sampuli za watu mbele yangu, na nilijua kabla hajasema, kwa sababu hakuanza na utani wake. "Karimi," akasema, "Mama ametangulia." Alikuwa amepita miaka tisini kwa hesabu ya Habiba. Kwa hesabu yake mwenyewe, Akko Darmi alizaliwa mwaka ambao ng'ombe walikunywa matope, na hakuna aliyewahi kumbana aseme zaidi ya hapo. Kesho yake nikashuka kutoka Meru hadi Isiolo, nikaingia ua ule ule wa mtaa wa Wabera nilioishi zamani, nikavua viatu mlangoni na kutoa salaam aleikum kama alivyonifundisha, nikakaa mkekani kati ya wanawake waliokuja tazia. Chai ilizunguka, tende zikazunguka, na baada ya dua mazungumzo yakageukia jicho lake la kulia. Mmoja alisema lilichomwa na mwiba wa mgunga alipokuwa msichana kule Sericho. Mwingine akakataa: ni daktari wa meno, alivuta jino akavuta pamoja na mshipa wa jicho. Wa tatu, bibi mwenye sauti ya mkwaruzo, akasema si mwiba wala jino, ni kijicho cha watu, biashara yake ya maziwa ilikuwa inaenda vizuri mno. Habiba alinitazama kutoka upande wa pili wa chumba. "Muulizeni huyu," akasema. "Huyu ndiye alikuwa anakula na sisi." Nikawaeleza kwa ufupi, kwa sababu msiba si mahali pa mtu mmoja kushika maneno. Hapa naeleza kwa urefu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, diploma ya maabara bado inanuka wino, nimeajiriwa na kliniki ndogo ya binafsi ambayo siku hizi haipo tena. Mahali pake wanauza simu. Chumba nilichopanga kilikuwa cha tatu upande wa kushoto wa ua wa Akko Darmi. Akko ni nyanya kwa Kiborana, na ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, hata watu wa umri wake. Kilikuwa na dirisha moja, kitanda cha chuma kilicholia kila nikigeuka, na ukuta ambao haukufika kwenye mabati. Ulikomea kimo cha mtu mrefu, kisha ni hewa tu. Upande wa pili wa hewa hiyo ndipo alipolala Akko na binti yake Habiba, mwalimu wa shule ya msingi. Kwa hiyo katika mwezi wa kwanza nilijua mengi kuliko nilivyostahili kujua: nani kaleta maziwa ya jana akiyaita ya leo, mchumba gani wa Habiba amekataliwa na kwa sababu gani, na kwamba mimi nilionekana msichana mzuri ila mwembamba. Nilijifunza Kiborana changu chote kupitia juu ya ukuta ule.

Nilikuwa nimenunua jiko la mafuta taa na sufuria moja. Siku ya tatu Akko alisimama mlangoni kwangu akinitazama nikisonga ugali wa mtu mmoja. "Hii ni chakula ya nani?" akauliza. Nikamwambia ni yangu. "Ya wewe peke yako?" Ndiyo, Akko. Alitafakari kidogo. "Hata mgonjwa anakulanga na mtu," akasema, akabeba sufuria yangu na kwenda nayo. Tangu siku hiyo nilikula kwao. Asubuhi ilikuwa anjera, chapati laini za unga uliochachushwa, na chai nzito ya maziwa ya ngamia yenye tangawizi na moshi ndani yake, kwa sababu vibuyu vyao vilifukizwa kwa kaa la moto. Jioni ilikuwa wali au ugali, na nyama: mara nyingi ya mbuzi, mara nyingine nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa ikahifadhiwa kwenye samli. Akko aliipenda nyirinyiri kama watoto wanavyopenda peremende. Alikuwa na meno yake yote, meupe, na alijivunia. Alikula polepole akisimulia mambo ya siku hiyo, na kazi yake ilikuwa na mengi ya kusimulia: jerikeni za maziwa zilifika na gari kutoka malishoni kabla ya adhuhuri, naye aliinamia kila moja, akanusa, akamimina kidogo kiganjani, akatazama rangi dhidi ya mwanga, akaonja. Sijawahi kufanya kazi na mashine iliyokuwa na uhakika kama pua na jicho la mama yule.

Mvua za masika zilipokatika ndipo niliona kwamba anaacha nyama. Si kwamba aliikataa. Aliianza kwa hamu, akatafuna, akasimulia, kisha akanyamaza na kuweka kiganja shavuni. Baada ya muda akaendelea, kisha akanyamaza tena. Mwishowe alisukuma sahani upande wangu na kusema nyama ya siku hizi ni ya mbuzi wazee. Habiba akampeleka kwa daktari wa meno. Akarudi bila jino moja la nyuma, limefungwa kwenye karatasi, na wiki mbili baadaye kiganja kilirudi shavuni vile vile. Nilikuwa kijana mwenye tabia mbaya ya kuhesabu vitu. Kazi yangu ndiyo iliyonizoeza. Nikaanza kuhesabu anavyotafuna. Mara kumi na tano, ishirini, bila shida yoyote. Kufika thelathini uso ulikunjamana. Akipumzika kidogo, anaweza kuanza tena kama mtu mpya. Nilimkumbuka babu yangu mwenye jino bovu: yeye aliruka kwa tonge la kwanza, na kupumzika hakukumsaidia kitu. Hili lilikuwa jambo la namna nyingine.

"Akko," nikamuuliza jioni moja, "taya linauma vipi?"

"Haiumi kama kidonda," akasema. "Inachoka. Umewahi kupanda kilima na mzigo, miguu ikakataa? Unakaa, inakubali. Unapanda, inakataa. Ni hivyo."

"Pande zote?"

"Hii zaidi." Akagusa kulia, mbele ya sikio, akaondoa kidole haraka kana kwamba amegusa sufuria ya moto.

Mambo mengine niliyasikia juu ya ukuta. Habiba alikuwa akimsuka mama yake kila Alhamisi jioni, na Alhamisi moja nilisikia Akko akipiga kelele, kisha akimgombeza binti yake kwamba ana mkono wa mchunga punda. Habiba akaapa hajavuta. Wiki iliyofuata hakusukwa kabisa. Baadaye nilisikia mto wa kulalia ukitupwa chini. Akasema umejazwa mawe. Kisha nikaona kwa macho yangu: ile shash yake, kitambaa cheusi cha kichwa cha mwanamke mwenye heshima, aliyoifunga vizuri kila siku ya Mungu, ilibaki imetundikwa kwenye msumari, naye akatoka amejitanda leso nyepesi tu, ameilegeza. Nikashangaa, lakini mshangao wa mpangaji, asiye na haki ya kuuliza. Na asubuhi alichelewa kuamka. Mabega yalikuwa yamekaza, alisema, mpaka jua lipande. Alishindwa kuinua mikono kuanika nguo. Nguo zake zikaanza kumpwaya, na jioni alikuwa na homa ndogo. Kichwa kikamuuma upande wa kulia, yeye ambaye alijisifu kwamba hajui kidonge cha maumivu kina ladha gani.

Kila kitu kilikuwa na mwenyewe wa kukieleza. Taya lilikuwa la daktari wa meno. Mabega yalikuwa ya uzee. Kichwa kilikuwa cha jua. Mtaa mzima ulijua jina la homa ndogo ya jioni na kukonda, kwa sababu ukikaa Isiolo na kunywa maziwa mabichi, mwisho wa mambo yote ni brusela. Habiba akamleta kliniki kwetu. Tulikuwa na mtabibu mmoja, Bwana Osoro, ambaye watu walimwita daktari, mtu wa makamo, mwenye sauti ya upole na foleni ndefu mlangoni. Alimsikiliza Akko dakika tano, akaandika kipimo, karatasi ikaja kwangu.

Nitaeleza kipimo kile kwa sababu nimekifikiria sana. Unaweka juu ya kioo tone la maji ya damu ya mgonjwa na tone la dawa ya buluu, unachanganya, unakiyumbisha kioo taratibu na kutazama kama chembe zinashikana. Zikishikana mabonge makubwa, hakuna ubishi. Zisiposhikana, hakuna ubishi. Katikati ndipo penye taabu. Kwenye kioo cha Akko niliona kitu kama vumbi la unga pembezoni, ambalo huenda lilikuwapo na huenda halikuwapo. Watu wanaokunywa maziwa mabichi maisha yao yote wanaweza kuwa na vumbi hilo hata wakiwa wazima. Hayo nilikuwa nimefundishwa. Lakini kulikuwa na watu kumi na wawili kwenye benchi, nami nilikuwa nimeishi na yule mama miezi sita nikiamini kama wote kwamba ni brusela. Nikaandika ipo. Akaanza sindano kila asubuhi na vidonge viwili kwa siku, wiki baada ya wiki. Zilipoisha kichwa bado kilimuuma. Bwana Osoro akasema brusela ni sugu, akaanzisha duru ya pili.

Ilikuwa ndani ya duru ya pili nilipomwomba Akko damu. Sikutumwa na mtu. Kulikuwa na kipimo kimoja cha zamani ambacho nilikipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji chochote ila subira: unavuta damu kwenye mrija mwembamba wa kioo, unausimamisha wima, unasubiri saa nzima uone chembe nyekundu zimetuama umbali gani. Damu ya mtu mwenye afya hushuka kidogo. Mwili ukiwa na moto mahali fulani, inashuka kwa kasi. Hakikwambii moto uko wapi. Kinakwambia uko tu. "Chukua," Akko alisema na kunyoosha mkono, "iko mingi." Nikausimamisha mrija na kuendelea na kinyesi na mkojo wa watu. Nilipogeuka baada ya dakika ishirini, nilidhani mrija umevuja. Saa ilipotimia, rangi nyekundu ilikuwa imekimbilia chini kabisa, imepita alama ya mia, na juu yake maji ya manjano matupu. Nikarudia kwa mrija mwingine. Vile vile. Nilikuwa nimeona damu nyingi za wagonjwa wa brusela, na hazikuwa na tabia ya kukimbia hivyo.

Nilimpelekea Bwana Osoro karatasi akiwa katikati ya foleni. "Kifua," akasema bila kuinua kichwa. "Hiyo ni TB mpaka ithibitishwe sivyo. Apigwe picha." Ilikuwa jibu la busara, naye hakuwa mtu mzembe. Picha ilichukua siku nne na ilitoka safi. Siku hizo sijazisahau. Alhamisi, asubuhi, Akko alitumiminia chai na mkondo ukaanguka kando ya kikombe, ukatambaa mkekani hadi kwenye goti la Habiba. Alicheka. Alisema usingizi haujaisha. Jumamosi jioni, juu ya ukuta, nilisikia akimwambia Habiba kwa sauti ya chini kwamba tangu juzi jicho la kulia linafunikwa, kama mtu ameliwekea kitambaa kutoka juu, kisha anakitoa. Mara dakika mbili, mara tano. Habiba akauliza kwa nini hasemi. "Jumatatu inakuja gari ya Sericho na mitungi arobaini," Akko akajibu. "Nikisema, mtanilaza." Nililala nikijiambia kwamba nimesikia jambo lisilonihusu. Jumapili nilienda kanisani, nikakaa na marafiki hadi jioni. Jumatatu asubuhi nilimkuta uani amesimama mbele ya ukuta mweupe, akifunika jicho moja kwa kiganja, kisha lingine, kama mtoto anayecheza.

"Intala," akaniita. Binti. "Hii imekataa kurudi."

Nilikimbia, na kwa kweli sikumbuki njia. Bwana Osoro alikuwa akifungua mlango wa kliniki. Nilisimama mbele yake nikamwaga vyote bila mpangilio: jicho, shash kwenye msumari, mto wa mawe, mabega ya asubuhi, nyama, kwamba anatafuna mara thelathini tu na kupumzika. Aliposikia habari ya kutafuna aliacha funguo kwenye kufuli.

"Rudia hiyo ya taya," akasema.

Nikarudia. Inachoka, haiumi. Akipumzika inakubali.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alimwambia daktari wa meno."

Akaingia ndani, akatoa kitabu kinene kilichofunikwa kwa kalenda ya zamani, akakipekua akiwa amesimama. Alinisomea kwa sauti, akitafsiri: mtu aliyepita miaka hamsini, maumivu mapya ya kichwa ambayo hakuwa nayo, ngozi ya kichwa isiyoguswa, taya linalochoka, mabega, homa, kukonda, damu inayotuama kwa kasi. Arteritisi ya panja. Mshipa unaopita kando ya paji la uso unavimba kwa ndani mpaka damu haipiti vizuri, na matawi yake ndiyo yanayolisha taya, na mengine ya jirani yanalisha jicho. "Mwalimu wetu alisema huu ni ugonjwa wa wazee wa Ulaya," akasema, "kwamba tutastaafu bila kuuona." Akakifunga kitabu na kuchukua mkebe wa prednisoloni kutoka kabatini. Tulitembea pamoja hadi Wabera, yeye na koti lake jeupe, foleni ikitutazama tukipita.

Alimsalimia Akko, akaomba ruhusa ya kugusa. Akaweka vidole viwili kwenye panja la kushoto, akangoja, akaitikia kwa kichwa kwamba mshipa unapiga. Kisha la kulia. Akko akashtuka na kuvuta pumzi, lakini hakukwepa. Bwana Osoro akanichukua mkono na kuviweka vidole vyangu pale pale. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kigumu, chenye vifundo, kama kamba ya katani iliyolowa ikakauka. Nikasubiri mpigo. Haukuja.

"Mama," akasema, "jicho la kulia sijui kama litarudi. Sitakudanganya. Lakini lile lingine linaweza kufuata, leo au wiki hii. Meza hizi sasa hivi, mbele yangu. Halafu tunakupeleka hospitali kubwa."

"Zote?" Vilikuwa vidonge kumi na viwili vidogo vyeupe.

"Zote. Hizi hazingojei kipimo."

Habiba alileta uji kwanza, wa kulinda tumbo, na Akko akavimeza kimoja kimoja akivihesabu kwa Kiborana. Gari la Sericho lilipiga honi nje. Aliinua kichwa, kisha akamwambia Habiba aende akanuse yeye. Tukiwa mlangoni Bwana Osoro aliniambia kwa sauti ndogo, si kwa lawama, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Nilisimama kwenye brusela muda mrefu. Karatasi ilisema brusela." 

Katika ile hospitali kubwa, kule milimani, walikata kipande kidogo cha mshipa ule, wakamruhusu kurudi nyumbani, na baadaye wakathibitisha, lakini sisi tulikuwa tumeshaamini, kwa sababu ya mambo yaliyotokea nyumbani. Jumatano, siku mbili tu baada ya vidonge vya kwanza, Akko aliamka kabla yangu na kuanika nguo. Jioni alikula nyirinyiri sahani nzima huku mimi nikihesabu, thelathini, arobaini, sitini, mpaka akanikemea kwamba nasogeza midomo kama mchawi. Mto ulirudi kitandani na shash ikarudi kichwani. Jicho la kulia halikurudi. Lilibaki zuri kwa kutazama, jeusi na angavu, ila halikuwa na mtu ndani. Vidonge vilipunguzwa polepole, mwezi hadi mwezi, na vilikuwa na madhara yao: uso ukavimba, sukari ikapanda, akawa na hasira za ghafla ambazo Habiba alizibeba. Alijifunza kumimina chai akiwa ameweka kidole ukingoni mwa kikombe. Alijifunza kugeuza jerikeni upande wa kushoto. Mwanzoni alirudisha maziwa mazuri mara mbili kwa makosa, na mara zote mbili akatuma mtu kumfuata mwenye maziwa na kumwomba radhi.

Kila mwezi Bwana Osoro alitaka kile kipimo cha mrija, kujua kama moto umezimika au umefichwa tu na dawa. Mwezi wa kumi na mbili wa dawa, nikiwa nimekwisha kupata kazi Meru na sanduku langu limefungwa, Akko hakutaka kwenda nyumbani kungoja jibu. Alisema anataka kuuona huo mchezo wa damu yake. Nikamwekea kiti kwenye maabara yangu, chumba kisichozidi mikeka miwili, chenye darubini moja na friji iliyonguruma. Nikausimamisha mrija kwenye dirisha mbele yake. Tukakaa. Safari hii rangi nyekundu haikuwa na haraka. Ukiitazama ilisimama kabisa, ukitazama pembeni ukarudi ilikuwa imeshuka unywele mmoja. Akko aliipenda sana. Aliuliza kwa nini nyepesi inabaki juu, kama damu ya ngamia ingefanya hivi, kama ya mtu mwongo ingefanya hivi. Nilijibu nilichojua. Kisha, kwa kuwa nilikuwa naondoka, na kwa kuwa tulikuwa wawili tu, nikasema.

"Akko, ile karatasi ya kwanza. Ya brusela. Mimi ndiye niliiandika."

"Najua. Kuna mwingine anafanya kazi hapa?"

"Sikuwa na hakika. Nilichoona kwenye kioo kilikuwa kidogo sana. Nikaandika ipo. Kama nisingeandika, Daktari angeendelea kutafuta. Labda jicho lingekuwepo."

Aliutazama mrija. Friji ikanguruma, ikatulia. Nilitegemea aseme ni mapenzi ya Mungu, kama alivyowaambia watu wote waliompa pole, na nilikuwa nimejiandaa kulia akisema hivyo.

"Uliona kidogo?" akauliza.

"Kidogo sana."

"Basi ungeandika kidogo."

 Neno hilo alilisema vile alivyosema na wanawake wa maziwa, bila hasira na bila msamaha, kama jambo ambalo mtu mzima akishaambiwa anaenda kulifanya. Nikashindwa kumtazama. Nilisikia miguu ya kiti ikiburuzwa sakafuni. Alikuwa akijisogeza karibu na dirisha, akigeuza kichwa ili jicho la kushoto likae sawa na mrija.

"Imebaki dakika ngapi?" akauliza.

Nikatazama saa ya ukutani. "Kumi na nane, Akko."

"Sawa," akasema. "Tungoje yote."